Bingwa wa Supu ya Mwani

Yeongdo, Busan
Tarehe 3 Machi

Mwanangu Gi-beom,

Kabla sijakusalimu, jua kwamba unaandikiwa na bingwa. Sijui nilizaliwa chini ya nyota gani, lakini bahati ikinitafuta huwa inanikuta hata nikiwa chooni. Jumamosi iliyopita kituo cha wazee cha mtaa wetu kilifanya mashindano ya kupika. Walikuwa wanawake watupu, na mwanamume mimi peke yangu. Nani alishinda? Baba yako. Bibi Bok-nam, yule muuza tofu anayeshinda kila mwaka, alikaa kitini akajipepea kwa mfuniko wa sufuria kama mtu aliyepewa habari za msiba. Zawadi yangu ni sufuria ya umeme ya kupikia wali, mpya, ile inayoongea. Wali ukiiva inaniambia kwa sauti ya mwanamke, kwa adabu kabisa. Kwa hiyo nyumbani sasa nina mtu wa kuzungumza naye.

Haya, salamu. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, la kulia linalicheka. Msalimie mkwe wangu Yeon-ju, na huyo Kunde wenu aliye tumboni msomee barua hii kwa sauti, azoee mapema maneno ya babu yake.

Sasa basi. Juzi kwenye simu uliniambia mambo mazito kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. Nimeyageuzageuza kichwani. Daktari amesema presha ya Yeon-ju inapanda, chumvi ipungue, na vyakula vya kuletwa na pikipiki vikome. Na mama yake mkubwa wa Daejeon amesema kama hakuna wa kumpikia hapo kwenu, atakuja kumchukua yeye na mtoto, wakae kwake mpaka baridi iingie tena. Wewe unashinda ndani ya mashimo ya lifti za watu, unarudi umechoka, na jikoni unachojua ni kuchemsha maji ya tambi za pakiti. Mama yako angekuwepo, nisingekuwa naandika haya. Ana miaka miwili hayupo. Nipo mimi, na bahati yako ni kwamba mimi ni bingwa.

Nakuandikia kwa sababu simu huwa unaikata, mara lifti imekwama, mara mtu amenasa. Barua haikatiki. Itakuja ndani ya chombo cha chakula, na chombo kitakuja kwa basi. Kakichukue kituoni. Desturi ya mama yako unaijua: chombo cha watu hakirudishwi kikiwa kitupu. Tia humo chochote, hata tufaha moja.

Somo la kwanza ni uvivu. Mpishi mwenye kazi za watu lazima awe mvivu mwenye mipango. Jumapili pika wali mwingi, ugawe kwenye vibakuli ungali wa moto, ugandishe. Siku hiyohiyo chemsha maji ya dagaa wakavu sufuria nzima, uyatie kwenye chupa, uyaweke kwenye friji. Jioni ukirudi, mimina maji hayo, koroga humo soya iliyochachushwa, kidogo tu, katia boga changa na kitunguu, mwishoni tofu. Ukimaliza kuvua viatu na kunawa uso, mchuzi umeiva. Wali unautia moto. Hapo tambi za pakiti zinatafuta nini?

Humu chomboni kuna mchicha wa mafuta ya ufuta. Mle leo.

Baba yako, Bingwa


Incheon
Tarehe 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila miguu ya Yeon-ju imevimba kidogo. Kunde anapiga teke kila ninaposoma barua yako. Yeon-ju anasema mtoto anaomba apumzishwe.

Mchicha ulikuwa mzuri sana, tuliugombania. Mchuzi wangu je? Niliufuata kama ulivyoandika. Wewe uliandika soya "kidogo tu". Mimi nilichukua kijiko kile kikubwa nikatia vitatu, maana kwenye sufuria vilionekana kidogo. Na dagaa niliwatia wazima wazima, na vichwa vyao na matumbo yao. Yeon-ju alionja, akaweka kijiko chini polepole.

"Hii ni nzuri," akasema. "Kwa kuhifadhia samaki."

Wakati huohuo mama mkubwa akapiga simu. Unamjua, hana salamu.

"Mnakula nini?"

"Mchuzi wa soya, mama mkubwa."

"Nani kapika?"

"Mimi."

Nikasikia akivuta ufagio upande wa pili. Kisha akasema, "Naanza kufagia kile chumba cha nyuma." Akakata.

Baba, huyu mama hatanii. Akimpeleka Yeon-ju Daejeon, mimi mwanangu nitamwona Jumapili kwa Jumapili, kama mtu anayetembelea mgonjwa. Sina likizo ya kuwafuata. Sitaki mtoto wangu anijue kwa sauti ya simu. Kama una namna, nionyeshe.

Halafu swali dogo. Tangu lini unapika? Mama alikuwa anakufukuza jikoni kila siku. Alisema hata maji wewe unayaunguza.

Narudisha chombo na matufaha matatu.

Mwanao, Gi-beom


Yeongdo
Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti lipo palepale. Matufaha nimeyala, asante.

Mama yako alinifukuza jikoni kwa wivu. Aliogopa nimpite. Swali lako nimelijibu, tuendelee.

Vijiko vitatu vya soya, Gi-beom? Ulikuwa unapika mchuzi au unaziba paa? Chumvi ikishaingia haina mlango wa kutokea. Sikiliza mtu aliyekula Durban, Las Palmas na Valparaíso, aliyetia mafuta mashine za meli mpaka akazijua kwa mlio: onja kabla ya kutia chumvi, onja tena, na ukiona bado kidogo, acha hapohapo. Ulimi wa Yeon-ju utazoea baada ya siku chache, na presha haitapata pa kushika. Dagaa watoe vichwa na ule uchafu mweusi wa tumboni, maana ndio unaoleta uchungu. Wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka wanukie, ndipo utie maji. Fanya hivyo jirani zako waanze kukusalimia.

Sasa nakupa silaha. Machipukizi ya soya. Ni rahisi, yana afya, yanauzwa kila kona. Lakini yana tabia ya mama mkwe, hayapendi kuchunguliwachunguliwa. Ukifunika sufuria, usifunue mpaka yaive. Ukianza bila mfuniko, usifunike kabisa. Ukifunua katikati uone yamefikia wapi, yanatoa harufu mbichi ya kunde mbovu, nyumba nzima inanuka. Hili nalijua vizuri, usiniulize kwa nini.

Kwa mtu aliyechoka, njia yake ni hii. Osha mchele, utie kwenye sufuria ya umeme, punguza maji kidogo, mwaga machipukizi juu, bonyeza kitufe, nenda kaoge. Ukitoka bafuni, chakula kipo. Katia kitunguu cha majani, tone la soya ya maji, mafuta ya ufuta, yai juu kama mnalipenda. Unaosha sufuria moja tu. Bibi Bok-nam aliponiona nikipika hivyo alisema, "Mzee Tak, leo umejitahidi." Kwa mwanamke yule, hayo ni machozi ya furaha.

Chomboni nimetia tofu zake na mayai ya kuchemsha.

Baba yako, Bingwa


Incheon
Tarehe 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Yeon-ju anakusalimu, na miguu yake imepungua uvimbe.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa napika. Ndiyo, cheka. Wali wa machipukizi niliuharibu mara ya kwanza, nilifunua. Tulifungua madirisha yote, mzee wa ghorofa ya chini akapiga hodi kuuliza kama kuna bomba limepasuka. Tangu hapo nikiwasha sufuria natoka jikoni kabisa, nisijishawishi.

Sasa nina vitu vitano ninavyoweza kuvipika nikiwa nimefumba macho: ule mchuzi wa soya, wali wa machipukizi, yai la mvuke, samaki wa kuoka na figili, na mchicha. Jumapili naandaa, siku za kazi naunganisha tu. Hata wenzangu kazini wameanza kuchungulia kopo langu la chakula cha mchana. Mmoja aliniambia, "Bwana Tak, mkeo anakupenda." Nikamwambia mke wangu amelala kitandani na miguu juu ya mto, hiki nimepika mimi. Akakasirika kabisa, akadhani namtania.

La muhimu: daktari amepima, presha imeshuka. Aliuliza tumebadilisha nini. Yeon-ju alisema, "Mpishi."

Lakini mama mkubwa alikuja jana bila taarifa. Alifungua friji kabla hajavua koti. Akachungulia chupa za maji ya dagaa, vibakuli vya wali, akanusa mchicha. Nilisimama nyuma yake kama mwanafunzi.

"Si vibaya," akasema. "Hivi ni vya mjamzito. Na akishajifungua?"

"Nitaendelea kupika."

"Supu ya mwani utapika?"

Nikafunga friji.

"Mzazi anakula supu ya mwani asubuhi, mchana na jioni, wiki tatu. Damu irudi, maziwa yatoke. Mama yake Yeon-ju hayupo, mama yako hayupo. Siku akitoka hospitali nitakuja. Nikikuta sufuria ya supu uliyoipika wewe, sio ya dukani, nitaonja. Ikinikubali, narudi nyumbani kwangu peke yangu. Isiponikubali, usinililie mlangoni."

Baba, hayo ndiyo masharti. Daktari anasema ni mwisho wa mwezi. Nifundishe kama alivyokuwa anapika mama. Hiyo ndiyo naitaka, usiniletee nyingine.

Chombo kinarudi na samaki wangu wa figili. Uniambie ukweli.

Mwanao, Gi-beom


Yeongdo
Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Samaki wako nilimla na mifupa karibu niimeze. Ukweli ni kwamba figili ungeikata nene zaidi. Mengine sina neno, na mimi kukosa neno unajua si jambo la kila wiki.

Supu ya mwani ni jambo dogo kwa bingwa. Nimekununulia mwani wa mzazi, ule mrefu usiokatwa wala kukunjwa. Muuzaji alitaka kuukunja ili uingie kwenye mfuko, nikampigia kelele hapohapo sokoni: mwani wa mzazi haukunjwi, unataka mkwe wangu apate uchungu wa kujikunja? Na bei sikuvutana naye, maana ni mwiko. Dereva wa basi amekubali kuusimamisha nyuma ya kiti chake kama abiria.

Kupika ni hivi. Loweka mwani kwenye maji. Loweka wote, usiwe bahili, mzazi anahitaji nguvu. Uukaange kwenye mafuta ya ufuta na nyama ya ng'ombe, mimina maji, chemsha mpaka supu iwe nyeupe kama maziwa. Basi. Mama yako hakuwa na siri nyingine.

Nina haraka leo. Fanya majaribio kabla hajajifungua.

Baba yako, Bingwa


Incheon
Tarehe 16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mbavu za Yeon-ju zinauma, na sababu ni wewe.

Nililoweka wote kama ulivyosema. Asubuhi kabla ya kwenda kazini niliulaza kwenye sinki, nikaukatakata uingie, nikafungulia maji, nikaondoka nikijiona mwanamume. Saa nne Yeon-ju akanipigia. Mimi niko juu ya paa la lifti, nimeshika nyaya.

"Gi-beom, umeleta mnyama gani nyumbani?"

"Mnyama?"

"Ametoka kwenye sinki. Yuko sakafuni. Anakuja sebuleni."

Baba, niliporudi mwani ulikuwa umejaza sinki, umejaza beseni kubwa, umejaza hata lile beseni jipya la kumwogeshea mtoto, Yeon-ju ameuhamishia humo kwa vijiti vya kulia huku amejishika tumbo kwa kucheka. Mkungu ule mmoja ungelisha meli yako mpaka Valparaíso na kurudi. Nilitembea mlango kwa mlango nikigawa mwani kwa ndoo. Mzee wa ghorofa ya chini alipokea, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kijana, ulikuwa unalowekea kijiji?"

Yeon-ju alipopata pumzi alisema jambo moja. "Mtu yeyote aliyewahi kuupika mwani huu hata mara moja anajua ni konzi moja ya mkono tu. Baba mkwe hajawahi."

Nilitaka kukutetea, baba. Badala yake nikachukua kitambaa, nikafuta sakafu.

Lakini usidhani niliutupa wote. Nilibakiza konzi moja, nikaikamua vizuri. Nikaikaanga na nyama kwenye mafuta ya ufuta mpaka ikabadilika rangi. Nikamimina maji kidogo kidogo. Nikaonja kabla ya kutia chumvi, nikaonja tena, nikaacha bado kidogo. Hayo ulinifundisha wewe na ni ya kweli. Nikauacha moto mdogo mpaka supu ikawa nyeupe. Yeon-ju alikula mabakuli mawili. Kisha akasema inafanana na ya mama yake. Mama yake hakuwa mtu wa Busan, lakini sikubishana naye.

Sasa niambie, bingwa. Ulishindaje?

Chombo kimejaa mwani. Nadhani utanielewa.

Mwanao, Gi-beom


Incheon
Tarehe 4 Mei

Baba,

Shikamoo. Umenyamaza wiki mbili na nusu. Simu ukipokea unasema "nipo sokoni" na kukata, wewe uliyeniambia mimi ndiye nakata simu. Sijakasirika, baba. Ningekuwa nimekasirika ningekuwa nakusalimu vizuri zaidi.

Kunde amezaliwa. Ni msichana. Ana masikio yako, pole zake. Yeon-ju hajambo, presha haikuleta vurugu yoyote, daktari alisema tulifanya kazi nzuri, na aliposema "tulifanya" aliniangalia mimi.

Siku ya kutoka hospitali mama mkubwa alitangulia kufika nyumbani kuliko sisi. Tulimkuta mlangoni na begi kubwa tupu, la kubebea nguo za Yeon-ju. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye jiko, akafunua sufuria. Nilikuwa nimeamka mapema kuipika. Akachota, akapuliza, akaonja. Akaonja tena. Akavuta kiti, akakaa, akaomba bakuli.

Alikula mpaka chini. Yeon-ju na mimi tulisimama tu na mtoto, hatuthubutu hata kuvua viatu.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Makusudi, mama mkubwa. Kwa sababu ya presha."

"Nimeona." Akajifuta mdomo. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Yule mropokaji?"

"Huyohuyo."

Akamchukua mtoto, akamwangalia masikio, akatikisa kichwa. Kisha akakunja lile begi lake tupu likawa dogo kabisa, akalitia mfukoni mwa koti, akauliza treni ya jioni ni saa ngapi. Wamebaki, baba. Wako hapa. Ninapoandika, mmoja amelala na mwingine analia, na sitakwambia yupi.

Sasa chombo chako. Nimekikalia kwa muda kwa sababu nilitaka kifike tarehe sita. Ni siku yako ya kuzaliwa, na tangu mama aondoke hakuna aliyekupikia ile supu ya mwani ya kila siku ya kuzaliwa. Mwaka jana nilikupigia simu tu, nikauliza umeshakula, ukasema umekula kama mfalme. Sikuuliza zaidi. Mwaka huu kula hii. Imegandishwa, iyeyushe kwa moto mdogo, na usiiongeze chumvi.

Njoo umwone mjukuu. Mama mkubwa naye atarudi Jumamosi kutembea tu, na anasema uje na ile sufuria ya ushindi inayoongea. Anataka kuisikia.

Mwanao, Gi-beom


Yeongdo
Tarehe 7 Mei

Mwanangu Gi-beom,

Marahaba, na hongera. Mimi mzima. Mjukuu mwenye masikio yangu atasikia mambo mengi mazuri, mengi yakitoka kwangu.

Supu nimeila jana. Niliiyeyusha kwa moto mdogo, sikuongeza chumvi, nikaila nimesimama palepale jikoni, sikufika hata mezani. Bakuli la pili nilikaa. Bibi Bok-nam alipita kuleta tofu, nikamwonjesha kijiko kimoja. Akauliza nani kapika. Nikamwambia mwanangu, fundi wa lifti. Akasema, "Huyo kajifunza wapi, maana si kwako." Mtaa mzima tayari unajua kwamba wewe ni mpishi, nimehakikisha.

Sikia. Kila nilichokuandikia, nilikipika kwanza. Mchuzi wa soya niliutupa mara nyingi mpaka ukakubali. Machipukizi niliyafunua, nyumba ikanuka siku mbili. Dagaa Bok-nam alinionyesha, akinitukana tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipoweza, ndipo nikakuandikia. Supu ya mwani ndiyo sikuijaribu. Ule mwani wenu ni wa kwanza kununua tangu mama yako aondoke, na sikuweza kubakiza hata kipande cha kuloweka hapa nyumbani. Nilikumbuka tu alikuwa na beseni kubwa la maji na mikono yake ndani. Nikadhani ukubwa wa beseni ndio ukubwa wa mwani. Barua yako ya lile beseni la mtoto nilicheka mpaka nikaona aibu, nikakosa pa kuanzia kujibu.

Ungenisikiliza kama ningesema mimi ni mzee anayekula biskuti na chai kwa chakula cha jioni? Usingenisikiliza. Bingwa ulimsikiliza.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Nitakaa kidogo. Yeon-ju asiniandalie kitu, jikoni kwenu nitaosha vyombo, na kwa kuosha vyombo hakuna wa kunifikia Yeongdo nzima, Bok-nam mwenyewe atakuapia, kwa sababu siku ya mashindano hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nyuma, naosha sufuria. Alishinda yeye, kama kila mwaka.

Mwambie mama mkubwa sufuria inayoongea haipo. Sikushinda.

Baba yako